Nani Alisema Mzigua ni Mvivu?

Mhadhiri mmoja mgeni alisimama katika msikiti wa Sindeni baada ya swala ya Ijumaa, akawaambia waumini kwamba umaskini wa Uzigua chanzo chake ni uvivu. Reli ilipita Korogwe, alisema, mashamba ya mkonge yakafunguliwa mlangoni, na wenyeji wakabaki barazani huku watu wa mbali wakija kuchuma. Baadhi ya waumini walicheka, na wapo waliotikisa vichwa kukubali. Sisi hatukucheka. Maneno hayo tunayajua yalikotoka: ni malalamiko ya wenye mashamba waliokosa vibarua, na inasikitisha kuyasikia leo yakitamkwa na ndugu yetu mbele ya mimbari.

Ndugu Waislamu, tuitazame historia kabla ya kujitukana. Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na miche 62 tu iliyosalimika safarini ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Ardhi ilipatikana kwa amri, mashine zikaja kwa meli. Kilichokosekana ni mikono ya watu, na mikono hiyo haikuwa mitupu. Wazigua walikuwa wakulima, na nafaka yao ilikuwa ikiuzwa Pangani hata kabla Mjerumani hajatia mguu nchini.

Basi mikono ikatafutwa kwa hila na kwa nguvu. Mwaka 1898 ililetwa kodi ya nyumba, ili mtu atafute fedha hata kama chakula anacho. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi ya kumlazimisha kufanya kazi siku 30 kwa walowezi katika muda wa miezi minne, na asiyeitimiza alipelekwa kazi za serikali. Kadi hiyo ndiyo kipande. Tunawaomba vijana wasilipite neno hili haraka, kwa kuwa ndani yake mna habari yote ya kiwanda.

Kabla ya kipande, mtu alilima mvua ikinyesha, akapumzika jua likiwaka, akavuna, akaoza binti, akazika maiti wake. Siku ilikuwa mali yake. Kipande kiliigeuza siku kuwa alama ya kalamu kwenye karatasi ya mtu mwingine. Mkataji alipangiwa idadi ya mafungu, kila fungu majani 30. Asipoimaliza, siku yake haikuandikwa. Akiugua, haikuandikwa. Na mshahara haukutoka mpaka alama zitimie 30, hata zikichukua wiki sita. Hapa tunauliza: fundisho la Mtume (s.a.w.) kuhusu ujira wa kibarua na jasho lake, ambalo kila mtoto wa madrasa analijua, lilikuwa na nafasi gani katika karatasi ile? Jasho lilikauka, likatoka jingine, nalo likakauka, na mwenye shamba bado anahesabu.

Wala si binadamu pekee aliyeswagwa. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Lazima lifike upesi kwenye korona (tunasema mashine ya kusindika, si maradhi ya juzi), ama sivyo singa huharibika. Kwa hiyo mashine ilimwendesha mkataji, na mkataji hakuwa na uwezo wa kuiambia mashine kwamba adhana imelia.

Sasa, watu wa Uzigua walipoyaona haya wakasema hapana, hilo ni uvivu? Wengi wao hawakuikubali mikataba mirefu; walikwenda siku chache za kutafuta kodi, wakarudi mashambani kwao. Ndiyo maana makampuni yalikwenda kuchukua watu Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na mwaka 1944 wakaanzisha ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Wakaitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba. Kuna kumbukumbu nyingine ambayo mhadhiri wetu pengine haijui. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walijiweka rehani kwa ajili ya chakula, wakapakiwa majahazini na kuishia utumwani Somalia. Baadhi ya vitukuu vyao walirejea kama wakimbizi na kupewa makazi Chogo, hapa hapa Handeni, katika miaka ya 2000. Watu wenye historia ya namna hiyo wana haki ya kumtazama mara mbili mtu anayewaambia: njoo, nitakulisha.

Hatusemi mashine ni haramu. Wapo miongoni mwetu wanaosema hivyo, nao wanakosea. Mashine ya kusaga imewaondolea mama zetu kinu na mchi, na hakuna mwanamke wa Sindeni anayetaka kurudi huko. Kambi za mkonge zilimkutanisha Muha na Mmakonde, wakazungumza Kiswahili, na wengine wakasilimu humo. Ubaya haukuwa chuma. Mwaka 1936 maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme uliokwenda Tanga mjini na kwenye mitambo ya mkonge, huku vijiji ambavyo nyaya zilipita juu yake vikiwasha koroboi kwa miaka mingi baadaye. Umeme haukuwa na kosa.

Na waliokuwa ndani ya mashamba hawakuwa mazezeta. Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde, wilayani Korogwe, waligoma. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000, ya kwanza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 20,000. Kamba za plastiki ziliua soko, na utaifishaji wa mwaka 1967 haukuliokoa. Manamba wengi walizeekea kambini bila kitu, mbali na kwao.

Tunayasema haya leo kwa sababu mkonge unarudi. Tangu mwaka 2016 tumehubiriwa uchumi wa viwanda, na sasa wakulima wadogo wa Korogwe na Handeni wanahimizwa kupanda. Ni jambo jema mkulima awe na shamba lake. Lakini mwenye shamba bila korona bado anasubiri zamu ya mashine ya mwingine, na majani yake yanakauka foleni. Je, vyama vya ushirika vitamiliki mashine, au vitamiliki foleni?

Tena tusiwaseme Wajerumani peke yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki. Ni Waislamu wangapi wenye mashine za kusaga na maduka wanaoifuata kwa vijana wao? Na pikipiki je? Kijana anakabidhiwa bodaboda, anatakiwa alete hesabu kila jioni, iwe mvua, iwe homa, iwe Ijumaa. Pungufu ya leo inaongezwa kesho. Hicho ni kipande, tofauti ni kwamba hakina karatasi, na aliyekitoa tunasimama naye safu moja.

Tunazitaka kamati za misikiti, kuanzia Sindeni hadi Korogwe mjini, ziwaite wenye pikipiki na mashine walio miongoni mwa waumini wao, ziwaulize mambo mawili: kibarua wako analipwa lini, na hesabu ya Ijumaa ni kiasi gani? Majibu yasomwe hadharani baada ya swala. Na mhadhiri wetu akirudi, tutamwomba aketi mstari wa mbele ayasikilize.