Barua ya wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: alama zisikae mkononi mwa mtu mmoja

Ndugu Katibu Mtendaji, mimi ni mzazi wa Mtwara. Binti yangu amepoteza mwaka mzima katika chuo nisichokitaja, na alichotakiwa kutoa ili asiupoteze nimeshakieleza kunakohusika. Kwako naleta mpangilio wenyewe wa utoaji alama. Mhadhiri anafundisha, anatoa majaribio, anayasahihisha, anaingiza alama kwenye mfumo, na mwanafunzi akilalamika, mara nyingi malalamiko yanarudishwa mezani kwake. Karatasi ya mtihani wa mwisho (UE) angalau ina namba badala ya jina, na mtahini wa nje huipitia. Kozi weki, yaani alama za hayo majaribio, ambayo kwa kawaida ni asilimia 40, ina jina, sura na namba ya simu ya mwanafunzi. Hapo ndipo mwaka unapopotelea.

Linganisha na korosho. Tangu msimu wa 2007/08, korosho ya mkulima wa huku hupimwa kwenye chama cha ushirika (AMCOS), hupimwa tena ghala kuu, huuzwa mnadani mbele za watu, na siku hizi malipo hupita benki. Nitaambiwa wizi haukwisha. Kweli haukwisha, lakini kilo zikipungua njiani kuna karatasi mbili za kulinganisha, na mkulima anajua pa kuanzia kudai. Mwanafunzi ana karatasi gani? Korosho iliyolipa ada ililindwa na watu wanne. Mwaka ulionunuliwa kwa ada hiyo unafutwa na mmoja.

Mtasema kudai rushwa ya ngono ni tabia ya mtu, na sheria ipo. Ipo tangu 2007, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Lakini sheria husubiri kosa litendeke, kisha msichana athibitishe kilichosemwa nyuma ya mlango uliofungwa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilitafiti vyuo vikuu vya Dar es Salaam (UDSM) na Dodoma (UDOM), ikakuta rushwa ya ngono ipo. Madawati ya jinsia yakafunguliwa, mabango yakabandikwa. Mabango mazuri, hongereni. Bado hayajasahihisha hata jaribio moja. Mwenye tabia mbaya asiye na alama za kuuza atabaki na tabia yake tu, na mwaka wa mtu hautapotea.

Mtasema pia wahadhiri ni wachache. Uchache huohuo ndio unaozaa alama za kubuni na vipindi visivyofundishwa. Sidai ajira mpya. Nadai kozi weki ipitiwe na mtu wa pili kabla ya kuingizwa kwenye mfumo, hata kama yuko chuo kingine na karatasi zinatumwa kwa mtandao. Mlalamikiwa asiwe hakimu. Na chuo kisichofanya hivyo kinyimwe ithibati. Ofisi ngapi za umma nchini zinaendeshwa vivi hivi, funguo, daftari na muhuri mfukoni mwa mtu mmoja, halafu tunaitisha semina ya maadili?

Nasubiri jibu. Tafadhali barua hii isipelekwe kwanza vyuoni "kwa maoni".