Taasisi Nayo Isome

Mwaka 2009 Rwanda iliazimia kwamba kila umurenge, yaani kila sekta, uwe na chama chake cha kuweka na kukopa. Zikaanzishwa Umurenge SACCO 416, hesabu ile ile ya sekta zote za nchi. Gikundamvura, mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, kule kusini karibu na mpaka wa Burundi, nayo ikapata ya kwake. Chama kama hicho kinahitaji meneja, mhasibu, bodi, kamati ya usimamizi na mkutano mkuu wa wanachama unaojua haki zake. Ongeza shule, wahudumu wa afya, vyama vya ushirika vya wakulima wa mpunga wa bonde la Bugarama, na ofisi ya sekta yenyewe pamoja na katibu mtendaji wake, ambaye wenyeji humwita gitifu. Mahali ambapo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda hajapata kupasikia pana taasisi za kutosha kuwashughulisha wahitimu kadhaa wa uongozi kwa maisha yao yote ya kazi.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya shahada ya uzamili ya maendeleo ya taasisi na uongozi, hasa ile wanayosomea watu walio kazini: jioni, mwisho wa wiki, wakati wa likizo, au kwa njia ya intaneti. Waandishi wetu hawakubaliani, nami sikuwaomba wakubaliane. Wako wanaoona shahada hizi ndizo zitakazoziokoa taasisi zetu, na wako wanaoziona kama biashara ya vyuo iliyovalishwa joho. Mimi nina neno moja la kutangulia nalo: masomo haya yanamfundisha mtu na kumpima mtu, lakini taasisi anayotoka haifundishwi chochote. Anayelipa gharama kubwa ya masomo hayo, mara nyingi bila kuulizwa, ni ile ile taasisi.

Tuitazame gharama hiyo kutokea Gikundamvura. Mwalimu mkuu au mhasibu wa ushirika anayesoma Kigali mwisho wa wiki hana budi kuondoka Ijumaa. Atatoka bondeni hadi mji wa Kamembe, kisha apande basi linalokata msitu wa Nyungwe na kupitia Huye, safari inayomaliza sehemu kubwa ya mchana. Jumapili usiku anarudi na Jumatatu asubuhi yuko ofisini, macho mekundu. Kwa miezi mingi ofisi yake inaendeshwa na mtu aliyechoka, na wenzake wanambebea kazi. Nauli na ada zinatoka katika mshahara unaolisha watu wengine pia. Akihitimu anapiga picha, cheti kinaingia kwenye faili lake, na baada ya muda mfupi anaomba kazi Kamembe au Kigali. Simlaumu hata kidogo. Lakini ushirika uliombebea mzigo wake umebaki na nini?

Watetezi wa shahada hizi husema elimu haipotei. Ni kweli, ila si kila elimu humwangukia aliyeilipia. Tena elimu hii hasa, ukiifuata hadi ilikotoka, haikuanza kama somo la darasani. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 akafia Marekani mwaka 1947, alifanya kazi na kiwanda cha kushona pajama cha Harwood huko Marion, Virginia. Kiwanda kilikuwa na tatizo linalojulikana na kila meneja: kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa, uzalishaji ulishuka na watu waliacha kazi. Lester Coch, aliyekuwa ofisa wa kiwanda hicho, na John French, mtafiti wa kundi la Lewin, wakawagawa wafanyakazi. Kundi moja liliambiwa mabadiliko yameshaamuliwa. Makundi mengine yalikaa na wakubwa, yakaonyeshwa tatizo na kushirikishwa katika kupanga utaratibu mpya. Katika kundi la kwanza uzalishaji ulianguka, na ndani ya siku 40 asilimia 17 walikuwa wameondoka. Walioshiriki kikamilifu waliupata mwendo wao upesi na kuupita wa zamani, na hakuna aliyeacha kazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1948. Hadi leo wanafunzi wa uzamili huyakariri kwa ajili ya mtihani, wakiwa wamekaa mistari kwa mistari mbele ya mhadhiri anayezungumza peke yake.

Mwingereza Reg Revans naye, akiwa mkuu wa elimu wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuona faida ya kuwakusanya mameneja wa migodi wahubiriwe na wataalamu. Aliwataka wakutane wachache wachache, migodini kwao, kila mmoja alete tatizo lake na wenzake wamhoji. Basi elimu ya taasisi ilizaliwa penye vumbi la makaa na vyerehani. Vyuo ndivyo vilivyoihamishia ukumbini.

Nasi Afrika Mashariki tuna historia yetu katika hili, na si yote ya kujivunia. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa Carnegie Corporation ya Marekani, ikapewa jina la Anna T. Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia. Walimu waliletwa hapo, wengine pamoja na wake zao, wakafundishwa, kisha wakarudishwa kuzizungukia shule za vijijini na kuwasaidia walimu wenzao kilimo, afya na ufundishaji. Kwa mbinu peke yake, ilikuwa karibu sana na hiki ninachokitetea: mtu alisoma ili kazi ya wengi ibadilike. Kwa nia, ilikuwa mpango wa kikoloni wa kumpa Mwafrika elimu ya kumbakiza kijijini, asije akagombea kiti cha ofisini. Wazee wetu waliitambua hila hiyo, wakadai shule zenye vyeti sawa na vya Wazungu, na walikuwa na haki. Eneo hilo hilo la Kabete likawa Kenya Institute of Administration mwaka 1961, uhuru ulipokaribia na maofisa Waafrika walipohitajika haraka, na mwaka 2012 likawa Kenya School of Government. Mzumbe ya Morogoro ina ukoo unaofanana nayo: ilianza mwaka 1953 ikiwafunza watumishi wa serikali za mitaa za wakati huo, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na Chuo Kikuu mwaka 2001.

Naileta historia hii kwa sababu najua nitakavyojibiwa. Ukisema mhitimu wa Gikundamvura asome kwa ajili ya Gikundamvura, utaambiwa unamfungia mtoto wa mkulima bondeni huku watoto wa mjini wakisomea dunia nzima. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo niseme wazi: sitaki shahada nyepesi ya vijijini, wala mkataba wa kumfunga mtu miaka mitano. Shahada iwe ile ile na uzito wake wote, na mtu awe huru kwenda anakotaka. Kinachotakiwa kubadilika ni kazi anayopewa akiwa anasoma, na nani anaipokea ikiisha.

Chukua imihigo, mikataba ya utendaji ambayo viongozi wa wilaya za Rwanda wamekuwa wakiitia saini mbele ya Rais tangu 2006, mwaka ambao nchi ilipangwa upya katika wilaya 30. Ahadi hizo hushuka hadi sekta, seli, kijiji na kaya. Ni utaratibu unaosifiwa, nami nauheshimu, kwa kuwa kiongozi anajua ataulizwa. Ila imihigo inauliza umefikisha ngapi. Kwa nini lengo lililofikiwa mwaka jana limelegea mwaka huu, kwa nini wajumbe wa bodi hawamhoji meneja, kwa nini mkutano mkuu unapitisha hesabu ambazo hakuna aliyezisoma: hayo hayana kisanduku kwenye fomu. Hapo ndipo mwanafunzi wa maendeleo ya taasisi ana kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya. Badala yake tunampa aandike tasnifu kuhusu athari za mtindo wa uongozi kwa utendaji wa wafanyakazi, agawe dodoso na kupiga hesabu za takwimu, agundue kwamba athari zipo. Nimezisoma tasnifu za namna hiyo hadi naweza kubashiri ukurasa unaofuata.

Mifano mikubwa ya kujifunzia haiko mbali. Katika sekta jirani ya Muganza kipo kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 asilimia 51 ya hisa ilichukuliwa na kampuni ya PPC ya Afrika Kusini. Mwaka 2015 ulizinduliwa mtambo mpya wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka, karibu mara sita ya ule wa zamani. Mwaka 2024 hisa za PPC zikaingia mikononi mwa National Cement ya Kenya. Mfanyakazi aliyeanza ujana wake hapo amepitia mabosi wa desturi tatu na mitambo ya vizazi viwili bila kuhama nyumba. Kuna vitabu vingapi vya mabadiliko ya taasisi vyenye mfano mzuri hivyo? Hata hivyo mwanafunzi wa Rusizi atamaliza kozi akiijua vizuri zaidi historia ya General Electric.

Liko pia suala la lugha. Oktoba 2008 Rwanda iliamua kuhamisha elimu yake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Watu wengi walio kwenye nafasi za uongozi leo walianza shule katika lugha moja na sasa wanaandika tasnifu katika nyingine, kuhusu wanachama wanaozungumza Kinyarwanda na, sokoni Bugarama na Kamembe, Kiswahili pia. Tasnifu ikikamilika, wale waliohojiwa hawawezi kuisoma. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini sidai tasnifu zote ziandikwe kwa Kiswahili; Kinyarwanda kinatosha kabisa huko. Nadai jambo dogo zaidi: pasiwe na shahada ya maendeleo ya taasisi kwa mtu ambaye hajasimama mbele ya mkutano wa taasisi yake, akaeleza kwa lugha yao alichokikuta, na akakubali kubishiwa. Mkulima wa mpunga aliyekatwa fedha za mbolea kwenye mauzo yake ni mtahini mkali kuliko profesa yeyote.

Sasa, wasomaji, kwa kila mmoja na nafasi yake. Vyuo vikuu: ipelekeni sehemu ya masomo ya uzamili Kamembe, na makundi ya wanafunzi yakutane kwenye ofisi wanazofanyia kazi, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Msimamizi wa tasnifu afike huko walau mara moja, ashuke kwenye basi aone. Waajiri, wakiwemo wenyeviti wa bodi za ushirika na wakuu wa wilaya: msitie saini barua ya ruhusa ya masomo kabla hamjakaa na mfanyakazi wenu mkakubaliana ni tatizo gani la ofisi yenu atalibeba kwenda darasani, na mtaipokea lini ripoti yake. Nanyi mnaosoma, msikubali kupewa mada ya tasnifu ambayo wenzenu wa kazini hawaijali. Mkikataliwa, tuandikieni. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi kwa ripoti zilizowahi kusomwa kwenye mkutano wa wanachama, pamoja na maswali yaliyoulizwa siku hiyo.