Ukuta wa Magharibi

Kibarazani, na Athumani Makame

Mpwa wangu mmoja, ambaye amekwisha kumwaga msingi wa nyumba yake huko Kigamboni na sasa ameshikwa na hamu ya kuzikinga kuta zake na joto, alinijia juma lililopita na karatasi ya bei mkononi, akaniuliza, "Mjomba, nitie povu la unene gani: inchi moja, mbili, au nne?" Naye, kama ilivyo ada ya wajenzi wa leo, alidhani kilicho kingi ndicho kilicho bora.

Hesabu haiikubali dhana hiyo. Povu gumu jeupe, lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, lina ajabu yake, kwani inchi yake moja huzuia joto kwa kadiri ya zege la karibu mita nzima. Walakini fadhila yake kubwa imo katika inchi za mwanzo. Tukilihesabia povu peke yake, ikiwa inchi moja hupitisha vipimo 12 vya joto, mbili zitapitisha 6, tatu 4, na nne 3. Yaani inchi ya pili imekuokolea sita, na ya nne, kwa fedha zile zile, kimoja tu.

Tena liko suala la awali ambalo mwuzaji hana haja ya kuliuliza: chumba kitafungwa na kutiwa kiyoyozi, au madirisha yatakaa wazi kwa kusi na kaskazi? Kwa ndugu zetu wa Maskati, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na nyumba hufungwa mchana kutwa, ukuta uliokingwa si anasa. Lakini nyumba iliyo wazi, hewa yake ya ndani ni ile ile ya nje, na hasimu anayesalia ni jua lenyewe. Nalo jua la Dar es Salaam, mji ulio karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, adhuhuri hulipiga paa, asubuhi ukuta wa mashariki, na alasiri ule wa magharibi, ilhali kuta za kaskazini na kusini, zikipewa upenu wa kutosha, huponea kivulini.

Wazee wa Unguja na Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi, wakazibananisha nyumba hata vichochoro vikawa havioni jua ila kwa saa chache. Watu husifu unene, wakasahau kichochoro. Ukuta mnene uliosimama peke yake juani hulimeza joto mchana, kisha hulitoa usiku, wakati mwenye nyumba ataka kulala; mwenye shaka na auguse ule wa magharibi baada ya sala ya isha.

Basi nilimshauri aanzie darini, chini ya mabati. Kisha atie inchi mbili katika kuta za nje za chumba cha kulala, ambacho ndicho pekee atakachokitia kiyoyozi, na inchi moja katika ukuta wa magharibi wa sebule, tena upande wa nje, ili tofali lisipate kulionja jua. Fedha zitakazobaki azinunulie upenu mpana. Fundi wake hakuridhia, akidai upenu mpana ni mtindo wa kizamani. Mpwa wangu ameshaagiza mbao ziongezwe.