Kapitali si mungu! Tuanze na tulicho nacho

Vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na kwingine,

Tuambiane ukweli. Kila jioni kwenye kartiye tunalalamika: hakuna kazi, Leta haituajiri, wakubwa wanakula peke yao. Ni kweli, na tutaendelea kuyasema. Lakini mtu akituuliza, "Na wewe, mbona hauanze kitu chako?", hapo sababu zinamwagika. Tuziangalie moja moja.

"Sina kapitali." Mama anayeuzisha sambaza pale Kituku, ni benki gani ilimpa kredi? Wengi wao walianza na beseni moja, tena la deni. Kisha wakaingia likilimba. Watu kumi wakitoa franga 5 000 kila wiki, kila mmoja anashika 50 000 zamu yake ikifika. Si semina iliyowafundisha. Na wengi wetu tulisomeshwa na hiyo likilimba.

"Niko na diplome, batu batanicheka." Bacheke! Diplome yako ililipwa na mandazi, makala na chukudu. Hapa Goma chukudu imejengewa sanamu, lakini aliyesoma anaona haya kuisukuma. Jasho tunaliheshimu likiwa la sanamu tu? Hiyo diplome itumie sokoni: andika kila kinachoingia na kinachotoka, usile mtaji ukidhani ni faida, na ujue kumkatalia binamu anayependa deni.

"Bwana yangu atakatala." Dada, tangu sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha sheria ya familia, mke hahitaji tena ruhusa ya mume. Sheria inataka wote wawili wapatane, na mume naye inamhusu vilevile. Ongea naye kama mwenzako, usimwombe kama mtoto.

"Wenye kulipisha watanimaliza." Woga huu si ujinga. Tunawajua wale wanaopita sokoni, wanadai franga, hawatoi risiti. Lakini wanashiba pia kwa sababu hatujui haki yetu. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Kwa sheria zake, mfanyabiashara mdogo anaweza kutangaza kazi yake kwenye grefu ya tribinali bila malipo. Uliza, chukua karatasi yako, dai risiti kwa kila franga. Na msidai mmoja mmoja. Anayekutisha ukiwa peke yako hawezi kutisha mstari mzima wa soko.

"Na kesho vita ama volkano ikibeba vyote?" Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Ilimeza maduka, ilimeza nyumba. Watu walirudi mawe hayajapoa vizuri, wakajenga juu yake. Yale mawe meusi leo ndiyo kuta zetu. Wazazi wetu walikuwa na woga kama sisi. Hawakungoja uishe.

Tueleweke vizuri: hatusemi maskini ni mvivu. Na ukianza biashara, deni la Leta halifutiki: barabara, umeme, usalama, lazima itoe. Wale wanaotuambia "jitafutieni" ili wao wasiulizwe kitu, tunawakatala.

Lakini angalieni nani anafaidika tukiendelea kungoja. Kijana asiye na kitu mfukoni, wakati wa uchaguzi wanamnunua kwa t-shirt na bia moja. Mwenye meza yake sokoni, hata iwe ndogo, anaweza kusema hapana na jioni watoto wakala.

Basi wiki hii tafuta wenzako watano unaowaamini. Anzeni likilimba. Chagueni kitu kimoja ambacho watu wa avenue yenu wananunua kila siku. Beseni moja linatosha. Ukipata hasara, hesabu ulikosea wapi, rudia.

Woga tutatembea nao. Lakini tutembee!