Aliyenunua gari apewe na ufunguo wa kompyuta yake

Siku hizi ukipeleka gereji gari lililowaka taa ya injini, fundi haanzi na spana. Kwanza anachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, kisha anasoma kwenye kioo chake gari linalalamikia nini. Hii ni kwa sababu gari la sasa, hata lile lililotumika Japan miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, linaongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo, ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi, ndiyo inayoamua mafuta yaingie kiasi gani kwenye injini, na kwenye magari mengi ndiyo inayotambua kama ufunguo ni wa mwenye gari au ni wa kughushi.

Kompyuta nayo hufuata programu, yaani maelekezo yaliyoandikwa na wataalamu wa kiwanda. Wataalamu hao ni binadamu na hukosea kama sisi. Kasoro ikigundulika, kiwanda huandika programu iliyorekebishwa ili iwekwe badala ya ile ya zamani. Kila mwenye simu ya kisasa anaijua kazi hii, kwani huifanya mwenyewe akiwa amekaa barazani kwake. Kwa simu hakuna ubishi. Kwa gari na trekta ubishi ni mkubwa: nani aruhusiwe kuweka hiyo programu mpya? Ni mwenye chombo na fundi wake, au ni wakala wa kiwanda peke yake?

Maoni yangu ni kwamba mwenye chombo aruhusiwe. Programu iliyorekebishwa na kiwanda itolewe kwa kila aliyenunua, pamoja na maelekezo ya kuiweka, na kifaa cha kuiwekea kiuzwe kwa bei ambayo gereji ya kawaida inaimudu. Nasema hivi nikijua kwamba yapo mambo ya usalama, nayo nitayagusia. Lakini kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hili ni suala la mfuko wake na la siku zake za kazi.

Tuanze na mfano unaoonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2015 nchini Marekani, watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wanaweza kuingia kwenye kompyuta ya gari aina ya Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu, wakiwa mbali, na kulifanya lipoteze nguvu likiwa kwenye barabara kuu. Julai mwaka huo kampuni ya Fiat Chrysler ilitangaza kwamba magari yapatayo milioni 1.4 yafanyiwe marekebisho. Yalifanywaje? Wenye magari walitumiwa flashi yenye programu mpya. Mtu alichomeka flashi kwenye gari lake na kufuata maelekezo hadi mwisho. Asiyejiamini alikuwa huru kwenda kwa wakala akafanyiwa bure.

Ndugu msomaji, angalia uzito wa kazi ile. Lilikuwa ni suala la kuziba tundu ambalo mtu mwenye nia mbaya angeweza kulitumia kusababisha ajali. Kama kiwanda kiliweza kumwamini mwenye gari kwa kazi nzito namna hiyo pale kilipokuwa na haraka, kwa nini kisimwamini kwa kazi nyepesi zaidi?

Sasa tuje shambani, maana huko ndiko mvutano ulikokuwa mkali zaidi. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kompyuta zinazolinda kazi zenye hakimiliki. Wengi wanaijua kama sheria ya kulinda filamu na muziki dhidi ya wizi. Lakini programu ya trekta nayo ina hakimiliki, hivyo mkulima aliyeifungua kompyuta ya trekta lake alikuwa katika hatari ya kuonekana amevunja sheria. Mwaka 2015 suala hilo lilipojadiliwa mbele ya Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo, kampuni ya John Deere ilitoa hoja kwamba mnunuzi anapata ruhusa ya kuitumia programu kwa uhai wote wa trekta, lakini programu yenyewe haiwi mali yake. Kwa lugha nyepesi, chuma ni cha mkulima, akili iliyomo ndani ya chuma ni ya kiwanda.

Matokeo yake ni kwamba kwenye baadhi ya mashine mpya, hata fundi akifunga spea halisi na akaifunga vizuri, kompyuta inakataa kuitambua mpaka wakala aje na programu ya kiwanda kuiidhinisha. Wakala ana wateja wengi, na msimu wa mavuno huwa mmoja kwa wote. Mpunga ulioiva haujui foleni. Ukikaa shambani siku nne ukimsubiri mtu wa kompyuta, ndege wanakula, punje zinapukutika, na mvua ikishuka hasara inaongezeka. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba baadhi ya wakulima wa Marekani walikuwa wakitumia programu za kufungulia matrekta zilizotoka Ukraine na kuuzwa kwa siri kwenye intaneti. Watu wazima wenye mashamba yao walisukumwa kwenye magendo ili tu watumie mashine walizozilipia.

Wakulima na wenye gereji hawakunyamaza. Mwaka 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts walipiga kura kwa wingi mkubwa kutaka viwanda vya magari viziuzie gereji huru taarifa na vifaa vilevile vinavyopewa mawakala. Mwaka 2015 Marekani ikatoa msamaha chini ya ile sheria ya 1998, ili mwenye gari au trekta aweze kufungua programu kwa ajili ya matengenezo, na mwaka 2018 msamaha huo ukapanuliwa ili fundi naye aweze kumsaidia. Januari 2023 John Deere ilitia saini makubaliano na umoja mkubwa wa wakulima wa nchi hiyo, American Farm Bureau Federation, kuhusu upatikanaji wa vifaa vya matengenezo. Mwaka huohuo jimbo la Colorado likapitisha sheria ya haki ya mkulima kutengeneza mashine zake, iliyoanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ilifungua kesi dhidi ya John Deere kuhusu suala hilihili. Mwaka huo kampuni hiyo ilianza kuuza huduma ya kompyuta, kwa ada ya kila mwaka, inayomwezesha mwenye mashine kuweka programu mwenyewe.

Hapo tunajifunza jambo moja. Kile ambacho wakulima waliambiwa kwa miaka mingi kwamba ni hatari na hakifai kuachiwa mtu wa kawaida, kilipata njia baada ya sheria na kesi kubisha hodi.

Upande wa pili nao tuusikilize. Hoja ya kwanza ya viwanda ni usalama. Wanasema mtu asiye na ujuzi akichezea programu ya breki anaweza kujiua na kuua wengine. Ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kuandika programu yako mwenyewe na kuweka ile iliyoandikwa na kukaguliwa na kiwanda. Ninachodai hapa ni hiki cha pili. Programu ya kiwanda inaweza kutiwa muhuri wa siri ambao kompyuta ya gari huukagua kabla ya kuipokea, na isiyo na muhuri ikakataliwa. Ipo hatari nyingine ya kweli: umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, kontroli boksi inaweza kufa. Dawa yake ni maelekezo yanayoeleweka, betri iliyojaa chaji, na fundi aliyefunzwa.

Hoja ya pili ni wizi. Mei 2022 shirika la habari la CNN liliripoti kwamba mashine za John Deere zilizoibwa kwenye duka la wakala huko Melitopol, Ukraine, wakati wa vita, zilifungwa kwa kompyuta kutoka mbali, na walioziiba wakashindwa kuziwasha. Wengi walishangilia, nami naona wezi walistahili. Hata hivyo tukio lile lilituonyesha pia kwamba mtu aliye mbali anaweza kuamua trekta liwake au lisiwake. Kufuli ya kuzuia wizi ibaki, lakini isiwe kisingizio cha kumfungia mwenye mali kazi ya kurekebisha kasoro ya injini.

Hoja ya tatu ni moshi. Julai 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipinga ule msamaha ikihofia kwamba wenye magari wangebadilisha programu ili kuongeza nguvu ya injini na kuchafua hewa. Miezi miwili baadaye dunia ikaambiwa kwamba ni kampuni ya Volkswagen yenyewe iliyoweka programu ya udanganyifu kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11, ili yaonekane masafi wakati wa kupimwa. Kufunga programu hakukuzuia udanganyifu. Kulimsaidia mdanganyifu ajifiche.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Yanatuhusu sana, kwani tunaishi kwa magari yaliyotumika. Wengi tumeshaonja kwa udogo. Redio nyingi za magari ya Japan zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108, hivyo dereva anasikia vituo vichache na vingine anavikosa. Maandishi ya kioo yako kwa Kijapani. Kwenye baadhi ya Toyota, betri ikitolewa tu redio inajifunga na kudai namba ya siri ambayo muuzaji hana. Kwa redio tunavumilia au tunanunua nyingine. Lakini kufuli ya namna hiyo inapokuwa kwenye injini au giaboksi ya Noah anayotegemea mtu kubebea bidhaa za gulioni, uvumilivu unageuka njaa.

Ugumu wetu ni mkubwa kuliko wa mkulima wa Marekani. Gari lililoagizwa kutoka mnadani Japan halikupita kwa wakala rasmi wa hapa, na kiwanda hakimjui mmiliki wa tatu aliyeko Masasi au Mpanda. Na mashine zinazouzwa huko ng'ambo leo zikiwa mpya, zenye kuongozwa kwa setilaiti na kuunganishwa na intaneti, ndizo zitakazotufikia kesho zikiwa mitumba. Zikija zimefungwa, tutakuwa tumenunua vyuma ambavyo kila kasoro ndogo itahitaji ruhusa kutoka nje ya nchi.

Tufanye nini? Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kuipa kazi ya kumlinda mlaji. Kenya nayo ina sheria ya ushindani ya mwaka 2010 na ya kulinda walaji ya mwaka 2012. Vyombo hivyo vianze kwa kuwataka wauzaji wa magari na matrekta mapya waeleze kwa maandishi, kabla ya kupokea fedha, ni kazi gani za programu mnunuzi anaruhusiwa kufanya na kwa gharama gani. Serikali, halmashauri na vyama vya ushirika vinaponunua matrekta kwa wingi, viweke sharti hilo kwenye zabuni. Mnunuzi wa matrekta 50 ana sauti ambayo mnunuzi wa moja hana. Vyuo vya ufundi navyo vifundishe kazi ya programu kama vinavyofundisha kufungua injini.

Sharti moja tujiwekee wenyewe. Kila programu inapobadilishwa, kumbukumbu ya tarehe na kilomita ibaki ndani ya kompyuta bila kufutika. Tunawajua wajanja wanaorudisha kilomita nyuma ili gari chakavu lionekane jipya. Haki ya kuhuisha programu isiwe mlango wao.

Kwa wewe unayejiandaa kununua kirikuu, Fuso, trekta au mashine ya kuvunia msimu huu, kuuliza si ujinga. Muulize muuzaji: programu ikileta kasoro nani ataiweka upya, yuko umbali gani, na anatoza kiasi gani? Nikifunga spea nyingine, mashine itaikubali bila kuitiwa mtu? Kifaa cha kusomea hitilafu kinauzwa, na kiko kwa lugha gani? Funguo ni ngapi, na zikipotea nani anatengeneza? Akijibu, dai aandike kwenye karatasi ya mauziano. Akishindwa kujibu, ingiza gharama hiyo kwenye bei kabla hujafungua pochi, au nenda kwa muuzaji mwingine.