MWANAO ASOME RIWAYA, MWONGOZO AUWEKE KANDO



Mama mmoja kaniandikia faraghani. Mwanawe yuko kidato cha 6, anasoma Kiswahili, na riwaya aliyopewa ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Mama kafunua kurasa mbili tatu, kakuta mapenzi na ulevi, moyo ukamwenda mbio. Kauliza kwenye kundi la WhatsApp la darsa lao. Ustadhi mmoja akamjibu kwamba kitabu kifungwe, mtoto anunuliwe mwongozo, ahifadhi majibu, apasi, na dini yake isalimike. Watu wakamiminika na "jazakallahu kheir".

Dada yangu, jibu hilo silikubali, na nasema hadharani kwa sababu limetolewa mbele ya watu mia na zaidi.

Nianze na hiyo "dini isalimike". Mtihani unamwambia mtoto ajadili hoja kwa kutumia riwaya mbili ALIZOSOMA. Yeye hakusoma hata moja. Anaandika kurasa nne za maneno ya mtu mwingine, anaweka namba yake juu, anaambiwa hongera. Hii tunaiita nini? Mtume (SAW) aliingiza mkono kwenye lundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni majimaji na juu pakavu, akamkemea muuzaji kwa ghushi. Insha ya desa ni lundo lile lile. Na katika hadithi nyingine waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayejionyesha kashiba kwa kitu ambacho hakupewa amefananishwa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Ustadhi amemwokoa mtoto na mhusika wa kubuni anayekunywa pombe, akamfundisha uongo wa kweli, wa mkono wake mwenyewe.

Sisi ni umma wa isnadi, jamani! Maulamaa wa hadithi walikuwa wakimuuliza mtu: umeyasikia kwa nani? Aliyeficha aliyemsikia walimwita mudallisi, wakamwandika hivyo vitabuni, na mpaka leo tunamsoma kwa jina hilo. Imamu Shu'ba alikuwa mkali mno kwa tadlisi. Leo kijana wetu anauliza akili mnemba kwenye simu, inamwandikia insha nzima, anainakili kwa kalamu ya wino wa buluu, na sisi tunamwombea dua ya kufaulu.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, maana naona wengi wanaokilaani hawajakimaliza. Kilitoka mwaka 1999. Kinamhusu Yasmin, binti wa Kihindi, Mwislamu, Unguja ya wakati wa Mwingereza. Anaozeshwa mwanamume mtu mzima ambaye hamtaki. Anamkimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango kwa kuogopa aibu, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na kitu. Huko ndiko anakoangukia katika mambo ambayo mimi siyasifu, na sitaki mtoto wa mtu ayasifu.

Lakini yalianzia wapi? Yalianzia kwenye ndoa iliyofungwa kwa midomo ya wakubwa.

Bibi Khansa bint Khidam (RA), mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, aliozeshwa na baba yake naye hataki. Akaenda kwa Mtume (SAW), na ndoa ile ikavunjwa. Imo katika Bukhari. Na msinijie na wali mujbir. Hitilafu ile naijua, na masharti waliyoyaweka mafaqihi wetu wa Kishafi nayajua pia, hasa yale ambayo mababa wengi hawapendi kuyasikia. Mtoto anayejua kisa cha Bibi Khansa akasoma kisa cha Yasmin ana insha mkononi ambayo mwongozo wowote hauna. Anaweza kusema: jamaa hawa walilinda jina la familia wakaiacha sheria ya dini yao. Anaweza pia kumkosoa mwandishi na kusema hapa sikubaliani nawe. Hiyo ndiyo kazi ya insha. Anayekariri hawezi kukubali wala kukataa, maana hakuona kitu.

Labda kinachotutia hofu si pombe ya kwenye kitabu. Labda ni binti zetu kujiona humo.

Ama hoja kwamba riwaya ni uongo, hiyo ni nyepesi. Maqamat za al-Hariri ni visa vya kubuni, shujaa wake ni tapeli, na wanafunzi wa Kiarabu wamezisoma karne kwa karne. Ibn Tufayl aliandika Hayy ibn Yaqdhan. Na Surat Yusuf mnaisomaje? Mna humo milango iliyofungwa na mwanamke anayemtaka kijana. Hatuwaambii watoto wairuke. Tunawasomesha, na tunakaa nao kuwaeleza.

Kukaa nao. Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndiyo maana mwongozo unapendwa na wazazi kuliko hata watoto. Mwongozo ni bei ndogo na hauulizi maswali saa tatu usiku wakati umechoka.

Basi dada yangu, nunua riwaya yenyewe, nakala mbili ukiweza. Soma wewe sura moja, asome yeye. Akifika pale Yasmin anapokataliwa na jamaa zake, muulize angefanya nini angekuwa yeye ndiye mjomba, na umwache ajibu bila kumkatiza. Kisha aandike, simu ikiwa chumbani kwako. Insha ya kwanza itakuwa mbovu. Usiicheke. Akikubali, nitumie niisome. Na yule ustadhi wa kundini naye nitamtumia, kama atakuwa amekwisha kukisoma kitabu.

Wallahu a'lam.