Bima ya Wazazi Wetu: Tuchague Wangali Wazima



Majuma mawili yaliyopita, baada ya sala ya Isha, walitufuata ndugu watatu wa baba mmoja, wakaketi nasi barazani mwa msikiti. Baba yao, mzee wa miaka 74, alikuwa ametoka hospitalini baada ya kulazwa siku 11 kwa donda la mguu lililosababishwa na maradhi ya sukari. Mwanawe mkubwa alikuwa amemkatia bima ya kampuni binafsi mwaka uliotangulia, lakini kampuni ilikataa kulipa. Fomu iliuliza kama mzee ana ugonjwa wa muda mrefu, na mwana akajaza "hana", ilhali mzee alikuwa akimeza dawa za sukari kwa miaka tisa. Vikuku vya dhahabu vya mama yao ndivyo vilivyolipa deni la hospitali.

Sasa walikuja na swali juu ya mama huyo. Ana miaka 68, na ana presha. Wamkatie bima gani? Mkubwa aliitaka tena ya kampuni. Wa kati alisema ya serikali yatosha kwa kuwa ni nafuu. Mdogo akasema mambo haya aachiwe Mwenyezi Mungu.

Tulianza na huyo mdogo. Sayyidna Umar, Allah amuwie radhi, alipofika Sargh akielekea Sham, alipata habari kwamba nchi ile ina tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibiwa kuwa ndiyo, wanaikimbia kadari yake kuielekea kadari yake nyingine. Kutawakali hakumzuii mtu kujiandaa, na anayewaandalia wazazi wake matibabu yumo katika ihsani tuliyoamrishwa juu yao.

Kisha tukaitazama bima ya serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF tuliyoizoea imeondoka, na mahali pake ipo Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Chini yake mna hazina tatu. Ya kwanza hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, na hapo mzee anahitaji kusajiliwa tu. Ya pili ni ya hospitali kubwa, na hiyo haifunguki mpaka mchango uwe umelipwa. Ya tatu ni ya dharura na ya maradhi mazito, pale kiwango cha hazina ya pili kinapomalizika.

Hapa wengi wetu tunateleza. Mwana anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara hudhani kwamba mama yake amo ndani ya kadi yake. Hamo. Mchango wake humfunika yeye, mkewe na watoto wanaomtegemea. Mzazi huhesabiwa kuwa na kaya yake mwenyewe. Nasi tuliishi na dhana hiyo kwa miezi, hadi siku tuliyompeleka mama yetu hospitali ya kaunti tukaambiwa jina lake halionekani. Tuliona haya mbele yake, kwa kuwa kumsajili kulihitaji kitambulisho chake na simu ya kupiga *147# tu.

Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yake, kisha hukadiriwa mchango. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Kwa ndugu watatu, kima hicho ni shilingi 1,200 kila mmoja. Tujue tarehe mwaka unapokwisha, kwa sababu mchango uliokoma hugunduliwa mlangoni mwa wodi, usiku, mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Bima ya kampuni nayo ina faida yake: huenda ikampa mzee hospitali anayoitaka na kiwango kikubwa zaidi cha matibabu. Lakini kwa mtu wa umri huo, kabla ya kutia sahihi, yaulizwe haya. Je, kampuni inampokea mwanachama mpya wa miaka 68, na itamtoa afikapo umri gani? Maradhi aliyonayo tayari yatangojewa muda gani kabla ya kulipiwa, na kiwango chake ni kilekile au kimepunguzwa? Ada itapandaje kadiri umri unavyozidi? Hospitali zilizo katika orodha ziko wapi? Mzee wa Faza au wa Kipini hafaidiki sana na orodha ambayo hospitali zake zote ziko Mombasa.

Pesa zikiwa chache, kwa maoni yetu bora kuchukua bima ya kulazwa peke yake. Ya matibabu ya nje huwa ghali kwa wazee, na dawa za presha za kila mwezi familia yaweza kuzipanga. Kinachouza dhahabu na mashamba ni kulazwa.

Tuliulizwa pia hukumu ya sharia. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo Jeddah, iliamua mwaka 1985 kwamba bima ya kibiashara ina gharari kubwa na haifai, na kwamba bima ya ushirikiano, ambamo watu huchanga ili kusaidiana, inafaa. Wanazuoni wengi huiweka mifuko ya umma kama hii ya serikali katika fungu hilo la pili. Basi anayetaka nyongeza na atafute kwanza mpango wa takaful unaowapokea wazee. Asipoupata, asiingie kwingine kabla ya kumuuliza mwanachuoni anayemwamini na kumweleza hali yake.

Kwa mama yule tulishauri hivi: asajiliwe SHA juma hilohilo, na mchango wa mwaka ulipwe na wote watatu. Kisha waombe bei ya kulazwa kwa mpango wa nyongeza, presha ikiandikwa wazi. Akikataliwa, au ada ikiwashinda, fedha hiyo wawe wakiiweka kila mwezi katika akiba yenye jina la mama. Na kabla ya yote wamuulize mwenyewe. Alivua vikuku vyake hakuna aliyemshauri. Asikatiwe na bima bila kuulizwa angependa kutibiwa wapi na nani akae naye kitandani.

Walipoinuka, yule mkubwa alibaki nyuma. Akatuuliza: vikuku vile ni deni juu yangu? Tukamwambia kwamba mama alitoa kwa ridhaa yake ili kumsaidia mumewe, na kilichotolewa hivyo hakidaiwi. Lakini lile neno "hana" ni lake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka akakuta maji ndani yake, akamkemea muuzaji kwa kuficha kasoro. Fomu ya bima ni rundo kama lile. Atubu kwa Mola wake, amwambie mama yake ukweli wa jinsi ilivyokuwa, na akijaaliwa uwezo, amnunulie vikuku vingine.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba la kumwambia mama ndilo zito zaidi. Tukamjibu kuwa nasi twaona hivyo.

Wabillahi tawfiq.